Asilimia ya Ufaulu na Namba Iliyo Chini Yake

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotangazwa, neno la kwanza kuulizwa hapa mkoani Mara, katika Musoma, Bunda na Butiama, na aghalabu neno la mwisho pia, ni asilimia: shule fulani imepata ngapi, imepanda au imeshuka, imekuwa ya ngapi katika kata. Maadamu tarakimu hiyo imepewa uwezo wa kumvika mwalimu mkuu heshima au kumvua, si vibaya kutazama kwa utulivu namna inavyotengenezwa. Kwani asilimia ni tunda la mgawanyo, na kila mgawanyo una namba mbili, nasi hushughulika sana na ile ya juu, ya waliofaulu, ilhali mambo mengi yamefichama katika ile ya chini, ya waliotahiniwa.

Namba ya juu ina ufundi wake. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kusahihisha mtihani huu kwa mashine isomayo fomu ya OMR. Mtoto hushika penseli ya HB, akasoma swali, akachagua herufi moja kati ya tano, akaitia kivuli. Na akighairi sharti afute vizuri, kwani mashine haina ile huruma ya msahihishaji aliyezoea mikono mizito ya watoto. Katika muundo uliofuata baadaye, karatasi moja ina maswali 45: 40 ya kutia kivuli, yenye alama moja moja, na 5 ya kujibiwa kwa kalamu ya wino, yenye alama mbili mbili, jumla alama 50. Masomo yalipokuwa sita, jumla ikawa 300, na daraja C, ambalo ndilo mlango wa kufaulu, likaanzia alama 121. Hesabu ni nyepesi: mtoto asiyejua lolote, akikisia maswali yote 40, kwa kanuni ya bahati ataokota kiasi cha alama 8 katika kila somo, na anachohitaji ni 20 na chembe. Walimu wanalijua hilo fika, na ndiyo maana ya mitihani ya majaribio iitwayo moko, ya mitihani ya ujirani mwema baina ya shule jirani, na ya kambi ambamo darasa la saba hulala shuleni majuma kadhaa wakipigishwa maswali usiku na asubuhi. Mimi siiti hila. Ni ujuzi wa mtihani, nao una faida yake. Walakini ujuzi wa mtihani na ujuzi wa somo ni ndugu wasiofanana sana.

Mwaka 2011 waliofaulu nchini walikuwa asilimia 58, na watahiniwa zaidi ya 9,700 wakafutiwa matokeo kwa udanganyifu. Mwaka 2012 wakashuka hadi asilimia 31 hivi. Mwaka 2013 wakapanda hadi 50.6, na kufikia 2019 wakawa 81.5. Hakuna akili ya watoto iporomokayo karibu nusu kwa mwaka mmoja na kuinuka kwa kasi hiyo katika mwaka unaofuata. Mwenye insafu atakiri kwamba mizani nayo iliguswa: fomu, usimamizi, na jinsi shule zilivyojifunza kuikabili.

Sasa tushuke chini ya mstari. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, uliamuru shule zipangwe kwa nafasi ndani ya wilaya zao na nafasi hizo zitangazwe hadharani. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walifuatilia yaliyotokea nchi nzima, wakaona mambo mawili yaliyokwenda pamoja: shule zilizoangukia mkiani zilipandisha ufaulu wake, na shule hizo hizo zikapungukiwa na wanafunzi wa darasa la saba, zaidi ya wawili kwa kila shule. Wawili ni kidogo, mtu atasema; lakini katika darasa la watahiniwa 40, kuondoka kwa wawili wa mwisho kunatosha kuisogeza asilimia bila mwalimu kuongeza kipindi kimoja. Ni sawa na mvuvi wa Mwigobero, hapa Musoma, kupima ubora wa wavu wake kwa samaki waliomo mtumbwini, pasipo kuuliza waliopenya.

Wala haihitajiki mtu kufanya uovu wa dhahiri. Yupo anayekaririshwa darasa la sita; yupo aliyeshindwa upimaji wa darasa la nne akakata tamaa; yupo mtoro ambaye jina lake liliachwa lififie daftarini kwa kuwa kumfuata nyumbani ni taabu na kurudi kwake ni hasara ya wastani. Fauka ya hayo, kuna shule za ada zinazochagua kwa usaili nani aingie. Mwaka 2019 Graiyaki na Twibhoki, zote za wilaya ya Serengeti hapa Mara, zilishika nafasi ya kwanza na ya pili kitaifa, na mkoa ukafurahi, kwa haki. Lakini kuiweka shule ya ada kando ya shule ya serikali inayompokea kila ajaye, kisha kuzilinganisha kwa tarakimu moja, ni kupima vitu viwili kwa kibaba kimoja.

Ajabu ni kwamba hapa hapa Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, likataka kila mtoto awe darasani kufikia 1977, na likalaumu kutukuzwa kwa mtihani wa maandishi, likitaka kazi na mwenendo wa kila siku navyo vihesabiwe. Kiongozi wa chama hicho, Mwalimu Nyerere wa Butiama, mwenyewe alitoka shule ya Mwisenge kwa kufaulu mtihani, akaingia shule ya Tabora 1937.

Kwamba asilimia yaweza kushuka wakati waliofaulu wanaongezeka, ushahidi upo. Mwaka 2021 walifaulu asilimia 81.97; mwaka 2022, kilipofika darasa la saba kizazi kilichoandikishwa 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wakawa 79.62. Magazeti yaliandika kushuka. Lakini waliofaulu walitoka takriban 907,000 wakafika takriban 1,073,000.

Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Hatua njema, ingawa wilayani na katani orodha zingali zikibandikwa ukutani. Ningependa karatasi ile ya ukutani iongezewe safu moja: walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita. Kazi hiyo si ngumu tena, kwa sababu mwanafunzi sasa hupewa namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata kila aendako, na aliyehama Bunda kwenda Butiama huonekana amehama, wala hachanganywi na aliyepotea.