Kuupima Mkono wa Fundi: Mwongozo wa Kutambua Matengenezo Mazuri ya Motohomu Iliyotumika

Motohomu ni gari lenye makazi ndani yake, yaani kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na mara nyingi choo, vyote vikiwa vimefungwa juu ya chasi moja inayotikisika muda wote wa safari. Kwa hiyo anayenunua motohomu iliyokwisha kutumika hununua gari na nyumba kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na maradhi yake na mafundi wake. Barani Ulaya, ambako magari haya ni mengi, wajenzi wake huchukua chasi za magari ya mizigo, hasa Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper, kisha huisimamisha nyumba juu yake kwa kuta nyepesi ambazo katika magari ya zamani huwa ni fremu ya mbao iliyofunikwa bati la alumini. Gari la namna hiyo likifikisha miaka 20 huwa limepita mikononi mwa watu wengi: mafundi wa gereji, mafundi wa kando ya barabara, na wenye gari wenyewe waliokuwa na bisibisi na haraka. Mwongozo huu haufundishi kutengeneza. Unahusu namna ya kuitambua kazi nzuri, iwe imefanywa jana kwenye kituo cha mafuta au miaka 10 iliyopita na mmiliki asiyejulikana.

Gari kuwaka na kuondoka hakutoshi kuwa ushahidi wa ufundi, kwa kuwa karibu kila hitilafu inaweza kunyamazishwa kwa muda bila chanzo chake kuguswa, na msafiri aliyekwama ugenini, mwenye watoto ndani na jua likizama, huridhika upesi mno anaposikia injini ikinguruma. Fundi stadi hujulikana kwa kutafuta chanzo kabla ya kushika spana, na kazi yake hujulikana kwa kuwa fundi mwingine, asiyemjua wala kukutana naye, ataweza kuifungua baadaye bila kuivunja. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho kinachofaa zaidi kwa gari la safari, kwa sababu mahali litakapoharibika tena hapajulikani.

Mfano unaolionyesha jambo hili kwa karibu ni Volkswagen Transporter ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuundwa mwaka 1979 na ambayo kampuni ya Westfalia iliigeuza kuwa gari la kulala. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na injini inayopozwa kwa hewa; mwaka 1982 ikaja injini ya petroli ya lita 1.9 inayopozwa kwa maji, ambayo hukaa nyuma ilhali rejeta yake iko mbele, na maji husafiri baina ya hizo mbili kwa mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Kati ya silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda, na mwili wa injini kuna gasketi ya mpira inayoyazuia maji yasitoke. Maji ya kupozea yasipobadilishwa kwa wakati, kemikali zake za kuzuia kutu huisha nguvu, alumini ya hedi huanza kulika pale pale gasketi inapokalia, na matone huonekana chini ya gari.

Hapo ndipo mikono hutofautiana. Matengenezo ya funika kombe ni kumimina ndani ya rejeta dawa ya kuziba matundu, ambayo huziba kweli kwa majuma kadhaa, lakini huenda pia ikaziba njia nyembamba za rejeta na za hita, hata injini ikaja kuchemka kwa sababu nyingine kabisa. Mkono mzuri huifungua hedi, huusafisha uso wake mpaka alumini ing'ae, huweka juu yake rula ya chuma na kutazama kama mwanga unapenya, na ukikuta mashimo makubwa huujaza kwa kuchomelea kisha kuusawazisha kwa mashine, au huibadilisha hedi yenyewe. Hata baada ya hapo kazi haijaisha. Kwa kuwa mabomba ni marefu na hewa hujificha ndani yake, fundi anayelijua gari hili huinua sehemu ya mbele kwa jeki, hulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya rejeta, na kuendelea kuongeza maji huku injini ikizunguka, mpaka mapovu yakome na maji yatoke mfululizo. Asiyefanya hivyo humrudishia mteja gari lenye hedi mpya na hewa ndani ya mabomba, nalo likichemka tena lawama huiangukia gasketi isiyo na hatia. Anayelikagua gari hili kwa ajili ya kulinunua atafute gundi iliyofura pembezoni mwa hedi, nati ambazo pembe zake zimeviringika kwa spana isiyo saizi yake, na maji ya rangi ya matope katika chupa ya akiba. Alama hizo humweleza mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Umeme ni uwanja mgumu zaidi kuuhukumu, kwa sababu ubaya wake hujificha nyuma ya kabati na chini ya godoro. Motohomu huwa na betri mbili au zaidi za volti 12, moja ya kuwashia injini na nyingine ya matumizi ya nyumba, pamoja na waya wa kuunganisha umeme wa volti 230 gari linapoegeshwa kambini. Kila mmiliki huongeza kitu, leo taa, kesho pampu, keshokutwa sola, na kila nyongeza huacha kiungo. Kiungo kizuri ni kile kilichobanwa kwa koleo maalumu ndani ya mkono wa shaba wenye saizi ya waya, hata kikivutwa kwa vidole hakichomoki. Kiungo kibaya ni waya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe, ambao gundi yake huyeyuka kwa joto na kuziacha waya zikisuguana. Fyuzi nayo hukaa karibu na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata; ikiwekwa mwisho karibu na taa, waya ulio kati unaweza kushika moto ilhali fyuzi ni nzima.

Kipimo cha volti humaliza ubishi mwingi. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, na ikisoma 12.0 imekaribia kuisha; injini ikiwaka, alteneta nzima katika magari ya zamani hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Chukua friji inayoendeshwa kwa joto, aina ambayo hutumia gesi au umeme na ambayo kwenye volti 12 huvuta kiasi cha ampea 10: ikiwa alteneta inatoa 14.2 na penye friji panafika 12.4 tu, betri haina kosa wala friji haina kosa, bali waya ni mwembamba au kiungo cha kurudishia umeme kwenye bodi kimeshika kutu. Fundi anayebadilisha betri bila kupima huko amemuuzia mteja betri.

Katika nyumba yenyewe, adui mkubwa ni maji ya mvua. Paa lina madirisha na matundu ya hewa, na kila ukingo umezibwa kwa gundi laini inayozeeka na kupasuka. Matengenezo ya haraka ni kupaka silikoni juu ya ufa. Nayo ni kosa zito, kwa kuwa silikoni huacha utando ambao dawa nyingine haishiki, na fundi anayefuata hulazimika kuukwangua wote. Kazi njema huling'oa dirisha zima, huondoa gundi ya zamani, hukata mbao zilizooza mpaka kufikia mbao ngumu, huacha ukuta ukauke, kisha hurudisha dirisha juu ya utepe wa butili ambao hubaki laini na kufuata mtikisiko wa gari. Ukuta mpya unaopendeza ndani ya gari kuukuu usifurahiwe kabla ya kugongwa kwa kiungo cha kidole kuanzia juu hadi chini. Panapobadilika sauti ikawa nzito, na kidole kikihisi ulaini, ubao mpya umefunika uozo wa zamani.

Kuhusu gesi maelezo ni mafupi kwa sababu hakuna nafasi ya maafikiano. Ujerumani hutumia utaratibu wa ukaguzi uitwao G 607, unaotaka mfumo wa gesi upimwe kila miaka 2. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti, na bomba la mpira lililopita tarehe iliyochapwa juu yake hubadilishwa hata kama linaonekana jipya.

Magari haya hufika Afrika Mashariki pia, yakiwa katika safari ndefu ya kutoka Cairo kwenda Cape Town, na hapo hukutana na mafundi wa jua kali. Kabla ya lami kufika, barabara ya Isiolo hadi Moyale, nchini Kenya, ilijulikana kwa kuvunja springi na shokamzoba. Ni kosa kudhani kwamba kazi ya kando ya barabara ni duni kwa sababu haina jengo. Springi ya vyuma bapa vilivyopangwa tabaka ikivunjika, asiyejua huichomelea, na moto wa kuchomelea huharibu ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, kikavunjika tena kando ya kovu. Fundi mzuri wa jua kali hutafuta chuma cha springi ya gari jingine, hukikata kwa urefu, hukitoboa penye bolti ya katikati na kukifunga kwa kibanio, kisha humwambia msafiri waziwazi kwamba kazi hiyo ni ya kumfikisha mjini, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, au soko la Kisekka mjini Kampala. Kazi ya muda inayotajwa kuwa ya muda ni ufundi wa hali ya juu. Kazi ya muda inayouzwa kuwa ya kudumu ni udanganyifu, hata ikifanywa katika gereji yenye vigae sakafuni.

Matairi ya motohomu huzeeka kabla ya kuisha, hivyo zisomwe tarakimu 4 ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Nati za gurudumu lililofunguliwa zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Msomaji anayekabidhi gari lake kwa fundi asiyemjua aombe mambo mawili kabla ya kulipa: arudishiwe kipuri kilichotolewa, na aandikiwe kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, chanzo cha hitilafu na kilichobadilishwa. Fundi aliyekitafuta chanzo hataona shida kukiandika.