Wauguzi Kumi na Wawili, Hakuna Msimamizi

Katika miaka ya 1990 mashirika ya uuguzi wa nyumbani nchini Uholanzi yaliunganishwa moja baada ya jingine, yakawa makubwa, na kazi ya muuguzi ikaanza kukatwakatwa. Mmoja akafanya tathmini ya mgonjwa, mwingine akapanga ratiba, wa tatu akapokea simu, na anayekwenda kuchoma sindano leo hamjui aliyefunga kidonda jana. Kila tendo likapewa dakika zake: kumwogesha mgonjwa dakika 15, kufunga kidonda 10, kubadilisha soksi za kubana dakika mbili na nusu. Mlangoni kwa mgonjwa ikabandikwa stika yenye msimbopau. Muuguzi anaiskani akiingia, anaiskani tena akitoka, na mtu aliye ofisini mbali anaona kama muda umezidi. Wazee wakawa wanavuliwa nguo na sura ngeni kila wiki. Wauguzi waliosomea kazi hiyo kwa miaka wakaanza kuikimbia.

Jos de Blok alikuwa muuguzi wa mtaani aliyepanda hadi uongozini ndani ya mfumo huohuo. Aliacha kazi, na mwaka 2006 akaanzisha shirika lake la uuguzi wa nyumbani, Buurtzorg. Timu ya kwanza, mjini Enschede, ilikuwa na wauguzi wanne. Baada ya miaka kama kumi hivi walikuwa karibu wauguzi 10,000 katika timu zaidi ya 800, huku ofisi kuu iliyoko Almelo ikiwa na watu karibu 50 tu. Shirika limetangazwa kuwa mwajiri bora wa Uholanzi mara kadhaa. Mwandishi Frederic Laloux, katika kitabu chake Reinventing Organizations cha mwaka 2014, anaripoti kwamba kutofika kazini kulikuwa pungufu kwa asilimia 60, na kuacha kazi pungufu kwa asilimia 33, ukilinganisha na mashirika ya kawaida ya uuguzi.

Mwenye zahanati wa kwetu akisoma takwimu hizo atasema ni fedha za Ulaya. Hapo ndipo inapobidi kuangalia kwa makini. Mshahara wa muuguzi wa Uholanzi unatokana na mkataba wa hali bora wa sekta nzima: kiwango cha elimu na miaka ya uzoefu ndivyo vinavyoamua. Washindani wa Buurtzorg walilipa kwa mkataba huohuo, na bado watu wakawakimbia. Simaanishi kwamba mshahara si kitu. Muuguzi ambaye mshahara wake unachelewa hadi tarehe 15 ya mwezi mwingine hatabaki kwa sababu ya maneno matamu. Ninachosema ni kwamba mshahara ukishakuwa wa haki na wa uhakika, kuna jambo jingine linaloamua nani anabaki, na jambo hilo Buurtzorg walilishughulikia kwa ufundi.

Kwanza ni ukubwa. Timu haizidi watu 12, na haina msimamizi. Ikizidi, inagawanyika. Wanahudumia wagonjwa kati ya 40 na 60 katika mtaa mmoja, kwa hiyo mgonjwa anawafahamu wauguzi wake na wauguzi wanafahamiana wao kwa wao. Muuguzi anayelegea anaonekana, na anayeelemewa pia anaonekana, bila ya ripoti ya mtu yeyote. Wengi wao ni wauguzi waliosajiliwa, wenye diploma au shahada, na muuguzi yuleyule anayesimamia dawa ndiye pia anayemwogesha mgonjwa. Mfumo wa zamani uliona huo ni ubadhirifu, mtu wa shahada kushika beseni. Lakini muuguzi anapomwogesha mzee ndipo anapoona ngozi iliyoanza kuchubuka mgongoni, kifundo kilichovimba, chakula cha juzi ambacho hakijaguswa.

Pili ni kuajiri, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Nafasi ikitokea, timu yenyewe ndiyo inayotafuta mtu, inayomfanyia usaili na inayoamua. Ofisi kuu inaandaa mkataba na kulipa mshahara. Fikiria tofauti inayoletwa na jambo hilo. Bosi anayeajiri anasoma vyeti na kusikiliza majibu. Wauguzi wanaoajiri wanajiuliza kama mtu huyu atakubali kubadilishana zamu mtoto wa mwenzake akiugua, kama anaandika faili la mgonjwa kwa mwandiko unaosomeka, kama akikosea dozi atasema au ataficha. Wanajua kwamba wakichagua vibaya, ni wao watakaobeba mzigo wa Jumamosi usiku. Na mgeni naye anaingia akijua kwamba wenzake wamemtaka. Mtu aliyeletwa na bosi mara nyingi hutumia miezi ya mwanzo akipimwa kimyakimya na wenzake. Aliyechaguliwa na wenzake anaanza kwa kufundishwa.

Kutokuwa na msimamizi hakuna maana kwamba kazi za usimamizi zimefutwa. Zimegawanywa. Mmoja anashika hesabu na ofisi, mwingine ratiba, mwingine anafuatilia takwimu za timu, mwingine analea wapya, na majukumu hayo huzungushwa. Ratiba ya likizo na zamu za sikukuu inapangwa na walewale watakaozifanya. Bado hakuna anayebaki na usimamizi peke yake: kila mmoja anaendelea kuwa muuguzi.

Kikao nacho kina utaratibu wake. Anayekiongoza haruhusiwi kupendekeza wala kuamua. Kazi yake ni kuuliza wenzake wanapendekeza nini na kwa nini. Mapendekezo yanaandikwa, yanajadiliwa, na linalopita si lazima lipendwe na wote. Inatosha kwamba hakuna mwenye pingamizi la msingi, na kwamba linaweza kurudishwa mezani likishindwa. Timu zote hupewa mafunzo ya namna hiyo ya kukaa kikao. Wengi wetu tumezoea vikao ambamo mkubwa anaanza na kufunga, na watu wanasema ya kweli nje, mlangoni. Ugomvi ukitokea, wawili wanaanza wenyewe. Wakishindwa wanamwita mwenzao wanayemwamini, kisha mshauri wa eneo. Mshauri huyo anahudumia timu 40 au 50 na hana mamlaka ya kuamuru. Uchache wake ni wa makusudi: angekuwa na timu tano angegeuka bosi.

Tatu ni hesabu zilizo wazi. Timu inatarajiwa kutumia takriban asilimia 60 ya saa zake kwa huduma inayolipiwa na bima, na namba hizo zinaonekana na timu nyingine zote katika mtandao wa ndani. Timu inayobaki nyuma inaona yenyewe na kutafuta sababu. Gharama za utawala zilikuwa kama asilimia 8 ya mapato, wakati wastani wa mashirika ya aina hiyo nchini humo ulikuwa karibu 25. Fedha ambazo kwingine zinalipa tabaka la mameneja, hapa zinalipa wauguzi.

Mfumo huu una mipaka yake. Uchunguzi wa kampuni ya ushauri ya KPMG wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba gharama za uuguzi wa nyumbani za Buurtzorg kwa kila mgonjwa zilikuwa ndogo, lakini ukijumlisha gharama za hospitali na makao ya wazee, jumla inakaribia wastani wa nchi. Jijini London wauguzi wa mfumo wa afya wa umma walijaribu timu za namna hii, zikajikuta zinavutana na taratibu za taasisi iliyozibeba. Uhuru wa timu ukiwekwa ndani ya ofisi ambayo haijaachia kitu, wauguzi wanabaki na vikao viwili badala ya kimoja.

Zahanati nyingi za kwetu tayari zina watu wasiozidi 12: tabibu, wauguzi, mtu wa maabara, mtu wa dawa, mapokezi. Ukubwa ambao Uholanzi waliutafuta kwa kuvunja mashirika makubwa, sisi tunao tangu siku ya kwanza. Kinachokosekana ni mmiliki kukubali kuachia. Sheria itamtaka abaki na dhamana ya leseni na ya usalama wa mgonjwa, na hiyo haigawanywi. Ratiba ya zamu inagawanywa. Usaili unagawanywa. Hesabu za mwezi, yaani kilichoingia, kilichodaiwa bima na kilichokwenda kwenye dawa, zinaweza kubandikwa ukutani chumba cha wauguzi bila ya kumwonyesha mtu mshahara wa mwenzake.

Mwenye zahanati unayesoma haya, muuguzi wako atakayefuata usimwajiri peke yako. Waite wale atakaofanya nao zamu za usiku, wape barua za maombi wazisome kabla, waache waulize maswali yao wenyewe, na wakisema hapana, ikubali.