Mto Ndani ya Mrija

Lukuga hautulii. Unatoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie, unapita katika eneo la Nyunzu, unakwenda kumwaga maji yake Lualaba, usiku na mchana. Wapo wakemia wanaotengeneza dawa za saratani kwa mtindo huohuo, na pongezi hizi ni zao.

Kiwanda cha kawaida hupika kwa pipa: viungo vinamiminwa, vinakorogwa, vinasubiriwa, pipa linaoshwa, kisha hatua nyingine inaanza upya. Katika kemia ya mtiririko, pampu husukuma vimiminika vikutane ndani ya mrija mwembamba, pengine wa upana wa milimita moja tu. Joto hutoka upesi. Kemikali za kati, ambazo bado si dawa na mara nyingi ni hatari, huwapo kidogo kidogo, kisha huingia mrija unaofuata bila kuguswa na mkono. Aliyewahi kuunguza sufuria kubwa ya ugali ataelewa faida yake.

Mwaka 2010, kundi la mkemia Steven Ley wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitengeneza hivyo imatinibu, dawa ya saratani ya damu.

Mwaka 2019 ikafuata lomustini, ya uvimbe wa ubongo, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani: hatua mbili, dakika 9 mrijani. Hapo ndipo penye utamu, kwani njia nafuu ya kuitengeneza ilihitajika: dawa hiyo ni ya tangu miaka ya 1970, lakini bei ya kidonge kimoja huko Marekani ilikuwa imeruka kutoka dola 50 hivi hadi zaidi ya 700.

Na mtambo wa maabara wa namna hii hutoshea juu ya meza.