Neno "Huru" na Kamba ya Mkwezi: Tafsiri za Habari za Ukwezi wa Miamba

Katika miaka ya karibuni watafsiri wetu wameletewa mezani mchezo ambao zamani haukuwasumbua, nao ni ukwezi wa miamba. Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo mwaka 2021, ukaonekana tena Paris mwaka 2024, na kwa ajili ya Los Angeles mwaka 2028 aina zake tatu zimepangiwa medali, kila moja peke yake. Kwa hiyo si jambo la watu wachache wa mbali tena. Gazeti halina budi kuuandika, redio haina budi kuutangaza, na mwalimu hana budi kuwajibu wanafunzi watakaomwuliza.

Tumesoma tafsiri kadhaa za habari hizo, tukaona yafaa tuzichambue hapa. Si nia yetu kumlaumu mtafsiri yeyote, maana wengi wao hufanya kazi saa ya kwenda mitamboni ikiwa imekwisha wadia. Nia yetu ni kuonyesha kwamba katika mchezo huu neno moja likikosewa, aliyekuwa salama huandikwa kuwa alikuwa hatarini, na aliyekuwa hatarini huandikwa kuwa alikuwa salama.

Tuanze na neno "huru". Katika Kiingereza, neno lenye maana hiyo hutumika kwa namna mbili za ukwezi. Katika namna ya kwanza mkwezi hujiinua kwa mikono na miguu yake tu. Kamba anayo kiunoni, na vyuma vya kuishikilia vimo katika nyufa za mwamba, lakini kazi ya vitu hivyo ni kumdaka akianguka, si kumwinua. Katika namna ya pili, ambayo huongezewa neno la kuonyesha upweke, mkwezi hana kamba wala chuma wala mwenziwe wa kumshikia. Akiteleza akiwa juu, ndio mwisho wake. Watafsiri wengi huziita namna zote mbili "kupanda huru", na wengine, kwa kutaka kueleza zaidi, huziita zote mbili "kupanda bila kamba".

Ili kuona kosa lilipo, sharti tujue uhuru huo ni wa kuepukana na nini. Mwaka 1958 Warren Harding, Wayne Merry na George Whitmore walimaliza kuukwea ukuta wa El Capitan huko Yosemite, Marekani, wenye urefu wa mita 900 hivi. Kazi hiyo iliwachukua siku 45, zilizotawanyika katika muda wa zaidi ya mwaka mzima. Waligongomea vyuma katika mwamba, wakavikanyaga na kuning'inia navyo, wakapanda hatua kwa hatua. Zana ndizo zilizowainua. Mwaka 1993 Lynn Hill aliikwea njia ile ile bila kuinuliwa na zana, na kamba yake alikuwa nayo. Basi uhuru unaosemwa ni uhuru wa kutotegemea zana katika kupanda. Kamba haimo katika hesabu hiyo.

Tutazame sasa habari tatu za ukuta huo huo. Mwezi Januari 2015 Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson walifika juu kwa njia ngumu iitwayo Dawn Wall, baada ya kukaa ukutani siku 19. Jorgeson alianguka tena na tena katika sehemu moja kwa siku kadhaa kabla ya kuipita. Tarehe 3 Juni 2017 Alex Honnold aliikwea njia iitwayo Freerider peke yake, bila kamba, kwa muda wa saa 3 na dakika 56. Na mwezi Novemba 2024 Barbara Zangerl wa Austria aliikwea Freerider hiyo hiyo, akiwa na kamba, katika jaribio lake la kwanza na bila kuanguka hata mara moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake katika ukuta huo.

Mtafsiri akiandika kwamba wote hawa walipanda bila kamba, habari zake hujikana zenyewe. Mtu asiye na kamba hawezi kuanguka mara nyingi katika ukuta wa mita 900, kisha akafika juu akitabasamu. Tena, sifa ya Zangerl ya kutoanguka haina maana kwa mtu asiye na kamba, kwani kwake kutoanguka si sifa bali ndio uhai wenyewe. Hapa ndipo mtafsiri angeweza kujisaidia hata kama hajapata kuuona mchezo huu maishani mwake: angejiuliza kama sentensi ya pili yaweza kuwa kweli ikiwa ya kwanza ni kweli. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mtafsiri ndiye aliyepewa kazi ya kuitafuta.

Tunapendekeza basi kwamba istilahi zitokane na kazi ya zana, zisitokane na neno la Kiingereza. Pale ambapo zana humwinua mkwezi, tuseme "ukwezi wa zana". Pale anapojiinua mwenyewe, na kamba ni ya kumdaka tu, tuseme "ukwezi wa mwili". Na pale asipokuwa na cha kumdaka, tuseme "ukwezi bila kinga". Hatukuchagua "bila kamba", kwa sababu iko aina ya mchezo isiyotumia kamba na bado ina kinga, yaani ile ya kuta fupi, ambapo mchezaji huangukia magodoro. Hiyo yaweza kuitwa "ukwezi mfupi".

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunasema "kukwea" na si "kupanda". Kupanda ni neno pana mno: tunapanda ngazi, tunapanda basi, na bei pia hupanda. Kukwea ni kupanda kwa kushika na kukanyaga, mikono na miguu ikifanya kazi pamoja, kama afanyavyo mkwezi wa minazi katika pwani yetu. Wako watakaosema kwamba mkwezi ni mtu wa minazi tu. Tunawakumbusha kwamba rubani alikuwa mtu wa vyombo vya baharini kabla ya kurusha ndege, na kwamba nahodha sasa huongoza timu ya mpira bila kuona bahari. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu hufika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwa miguu yake. Katika Mlima Kenya, kilele cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa vivyo hivyo. Lakini Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni miamba mitupu inayohitaji kamba na ujuzi wa kukwea. Tangazo la ofisi au kitabu cha shule kinachosema "kupanda mlima" kwa vilele vyote vitatu huficha hatari ambayo msomaji alistahili kuijua kabla ya kuondoka nyumbani. Tuseme "kupanda" kwa Lenana, na "kukwea" kwa Batian na Nelion.

Limebaki neno moja la Olimpiki. Aina ya mchezo ambamo mshindani hukwea ukuta mrefu akipandisha kamba yake, akiipitisha katika vyuma kimoja baada ya kimoja, imetafsiriwa kuwa "kuongoza". Msomaji hudhani kwamba mshindani huyo yuko mbele kwa pointi, kumbe hata aliye wa mwisho "anaongoza". Tunapendekeza "ukwezi wa kupandisha kamba", na anayeishikilia kamba hiyo chini aitwe "mshika kamba". Aina ya tatu haina taabu: "ukwezi wa kasi" katika ukuta wa mita 15 wajieleza wenyewe, na huko Paris Sam Watson wa Marekani alifika juu kwa sekunde 4.74.

Haya ni mapendekezo, si amri. Istilahi husanifiwa na wanaoitumia, na huenda mwalimu au mtangazaji mmoja akawa na neno zuri kuliko haya yetu. Tunamwomba atuletee, nasi tutalipima. Ila lo lote litakalochaguliwa, na lipimwe kwa swali hili kwanza: je, mtu atakayelisoma atajua kama mkwezi akiteleza, kuna kitu cha kumdaka au hakuna?