Herufi Kumi kwenye Ramani ya Pasua

Kwenye faili la ramani za kata lililotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu baada ya sensa ya 2012, Pasua, kata ya Manispaa ya Moshi, ni mstari mmoja. Mkoa umeandikwa, wilaya imeandikwa, na jina la kata limekaa kwenye safu yake likifuatwa na nafasi tupu mpaka upana wa safu utimie. Vichwa vya safu ndivyo vinavyoshangaza. Safu ya jina la mkoa inaitwa Region_Nam, na ya wilaya inaitwa District_N. Maneno yamekatwa kabla ya kwisha. Hesabu herufi pamoja na kile kistari cha chini: kumi. Rudia kwa safu nyingine iliyokatwa, utapata kumi tena.

Faili la ramani la aina hii kwa kweli ni mafaili kadhaa yanayosafiri pamoja. Moja hubeba mipaka. Lingine, lenye mkia wa herufi dbf, hubeba majina na takwimu. Kampuni ya ESRI ilipobuni utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikutunga umbo jipya la kutunzia majina. Ilichukua lile lililokwisha kuenea maofisini, umbo la lugha iitwayo dBASE, na lugha hiyo haikuruhusu jina la safu kuzidi herufi kumi. Kwa hiyo Pasua, pamoja na majirani zake Bomambuzi, Njoro na Kaloleni, imeandikwa leo kwa sheria zilizotungwa kwa ajili ya kompyuta zilizo makumbushoni.

Anayetaka kujua sheria hizo zilitoka wapi itambidi ashike majarida ya zamani ya biashara ya kompyuta na kuyapitia toleo kwa toleo. Wapo watu wanaoifanya kazi hiyo, na ndiyo ninayotaka kuisifia hapa. Byte lilianza Septemba 1975. Computerworld limekuwapo tangu 1967. InfoWorld lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Matoleo mengi yamepigwa picha, na mtu aliyekaa Pasua akiwa na bando la kutosha anaweza kuyafungua ukurasa kwa ukurasa. Nimeyasoma jioni nyingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo heshima yangu kwa wafuatiliaji hao inavyopanda. Mashine ya kutafuta haiwasaidii sana. Wino umefifia, safu za matangazo zimebanana, na toleo moja la Byte la mwaka 1983 linaweza kuzidi kurasa 500.

Chukua suala la jina tu. Ukitafuta habari za dBASE ya kwanza hutaambulia kitu, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Kilichotangulia dBASE II kiliitwa Vulcan, na tangazo lake lilitokea kwenye Byte la Oktoba 1979. Mwenye kulitoa alikuwa Wayne Ratliff, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya JPL huko California, mahali ambapo vyombo vya Viking vilivyotua Mars mwaka 1976 viliongozwa. Mchana alikuwa kazini. Usiku alikuwa karani, mpiga chapa, mnakili wa diski na mpokea simu wa biashara yake mwenyewe. Mfuatiliaji anayesaka neno dBASE peke yake atalipita tangazo hilo bila kusimama. Lazima awe mtu anayesoma matangazo yote, hata yale ya robo ukurasa, na kukumbuka kwamba ameshaliona jina fulani mahali pengine.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Msomaji wa kawaida wa jarida huruka matangazo akaenda kwenye makala. Mfuatiliaji hufanya kinyume. Makala humweleza mhariri alidhani nini. Tangazo humweleza ni kompyuta ipi ilihitajika, kumbukumbu kiasi gani, diski za ukubwa upi, bei gani, na lini bei hiyo ilibadilika. Hujua pia kwamba mwezi ulioandikwa jaladani si mwezi wa tukio, maana jarida la mwezi hufungwa mapema. Na hutenga kwa makini sana bidhaa iliyotangazwa na bidhaa iliyokwisha kufika dukani. Kati ya hizo mbili huweza kupita nusu mwaka na zaidi.

Kisa cha dBASE kinamlipa vizuri mtu mwenye tabia hiyo. Mwaka 1980 Ratliff, aliyekuwa amechoka kuuza peke yake, alikubaliana na wafanyabiashara wawili, George Tate na Hal Lashlee. Jina la Vulcan halikuweza kuendelea kwa kuwa kampuni ya Harris ilikuwa tayari ina programu yenye jina hilo. Mtu wa matangazo, Hal Pawluk, akapendekeza dBASE II, namba mbili ikiwa ya kumfanya mnunuzi aone kitu kilichokwisha komaa. Kampuni ikaitwa Ashton-Tate, ingawa hapakuwa na mtu aliyeitwa Ashton. Kisha likaja tangazo lililoishindanisha dBASE II na pampu ya kunyonya maji machafu ya mashua, likidai kwamba programu nyingi sokoni zinafanana na pampu hiyo kwa ubaya. Ukiliona baada ya kupekua mamia ya matangazo ya kijivu yaliyojaa namba, unaelewa kwa nini watu walisimama hapo. Najua wanaodhani historia ya lugha ni historia ya sarufi yake tu. Nadhani wanakosea. Bila ukurasa ule pengine tusingekuwa na Region_Nam.

Lakini sarufi nayo ni nzuri, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtumiaji aliwasha kompyuta, akaiita dBASE, akaona kioo kitupu chenye nukta moja. Nukta hiyo ilikuwa inamsubiri. Akiandika USE WAKULIMA, faili la wakulima linafunguka. Akiandika LIST FOR KIJIJI = 'KIBOSHO', wakulima wa Kibosho wanajipanga mbele yake. Hakuna kutangaza vigezo, hakuna kusubiri mtaalamu atafsiri programu kwa lugha ya mashine. Amri zile zile alizoandika moja moja angeweza kuzikusanya kwenye faili, akaliita kwa neno DO, na hapo hapo akawa ameandika programu. Wahasibu, watunza stoo na maofisa utumishi wengi duniani waliingia kwenye kuprogramu kwa mlango huo bila mtu kuwaambia kwamba wameingia.

Tazama jinsi lugha hii inavyofuta. Kila mstari kwenye faili la dbf hutanguliwa na baiti moja. Kama mstari uko hai, baiti hiyo ni nafasi tupu. Ukitoa amri ya DELETE, nafasi hiyo inageuka nyota, basi. Jina bado lipo, namba bado zipo. Ukisema RECALL, nyota inaondoka na mtu wako amerudi. Mpaka utoe amri ya tatu, PACK, ndipo walio na nyota wanaondolewa kabisa. Ni kama karani wa chama cha msingi anayepiga mstari juu ya jina la mwanachama aliyehama badala ya kuchana ukurasa. Ratliff alikuwa anaandika kwa lugha ya asembli ya kichakataji cha 8080, kwenye kumbukumbu isiyoweza kuzidi kilobaiti 64, na diski zilizokuwa polepole mno. Kusogeza mistari yote kila mtu anapofutwa kungesimamisha kazi. Nyota ilikuwa njia ya kuokoa muda wa diski. Ikawa pia huruma kwa aliyekosea.

Mipaka yake nayo inasomeka hivyo hivyo. Maelezo ya dBASE II yanataja mistari 65,535 kwa faili, na safu 32 kwa mstari. Namba hiyo ya kwanza inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa baiti mbili. Hata tarehe iliyo kichwani mwa faili inaonyesha ubanaji ule ule: mwaka umepewa baiti moja, ukihesabiwa kutoka 1900, kwa hiyo 2012 huandikwa 112.

Sasa linganisha tarehe hizo na zetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Byte lilipozaliwa mwaka uliofuata, mlango wetu ulikuwa umefungwa. Tangazo la Vulcan linatoka Oktoba 1979, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani Uganda, na hapa Moshi hata KNCU haikuwapo: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Chama hicho cha wakulima wa kahawa, kilichoanza mwaka 1933, kilirudi mwaka 1984. Mwaka huo huo dBASE III ilitoka, ikiwa imeandikwa upya kwa ajili ya kompyuta za IBM, na mwaka huo huo George Tate alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 40. Masharti yalipolegea na kompyuta ndogo zikaanza kuingia kwenye mashirika na miradi, lugha iliyokuja nazo ilikuwa hiyo. Wengi wa waliosoma kompyuta nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 walisoma vitu vitatu: WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBASE.

Huko Marekani kurasa zilikuwa zimeshaanza kuchafuka. dBASE IV ilitangazwa Februari 1988, ikafika dukani Oktoba ikiwa imejaa hitilafu, na marekebisho ya maana hayakupatikana hadi 1990. Mtu akisoma magazeti ya wiki ya kipindi hicho kwa mpangilio, anaona kampuni ikipoteza imani ya wateja wake toleo baada ya toleo. Novemba 1988 Ashton-Tate iliishitaki kampuni ya Fox kwa kuiga lugha yake. Desemba 1990 jaji Terry Hatter akatoa uamuzi ulioshtua wengi: haki miliki ya dBASE ilikuwa batili, kwa kuwa kampuni haikueleza ilipoisajili kwamba lugha hiyo ilitokana na JPLDIS, programu ya maabara ile ile ya JPL, iliyoendelezwa na Jeb Long. Miezi michache baadaye aliufuta uamuzi wake, lakini kabla ya mwaka 1991 kwisha Borland ilikuwa imeinunua Ashton-Tate kwa dola milioni 439.

Kesi hiyo ndiyo inayonifanya niwaheshimu wafuatiliaji zaidi. Swali la jaji lilikuwa la kwao: kitu hiki kilitoka kwa nani kabla ya kufika kwa huyu? Ratliff mwenyewe hakuwahi kulificha. Alieleza kwamba alianza mwaka 1978 akitaka kushinda bahati nasibu ya kazini ya mpira wa Kimarekani kwa kuchambua takwimu za timu, akaona karatasi zimemshinda, akaikumbuka JPLDIS, akaamua kutengeneza ya kwake nyumbani. Maelezo hayo yalikuwa yamechapwa tangu 1986 kwenye kitabu cha mahojiano na waandika programu.

Watafiti wa historia ya kahawa ya mlimani husoma Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga la miaka ya 1950, na hawadharau hata tangazo dogo. Kwa kompyuta zetu kazi ya namna hiyo inaweza kufanyika kwa njia ile ile: Daily News na Uhuru za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 1990, kurasa za zabuni, kurasa za nafasi za kazi, matangazo ya vyuo vya mafunzo. Mfuatiliaji wa hapa aandike tarehe, ukurasa, programu iliyotajwa, toleo lake, na bei kama ipo kwa shilingi au kwa dola. Atafute lini neno dBASE linaingia kwenye sifa za mwombaji wa uhasibu, lini FoxPro, programu ya kampuni ile ya Fox, inalisogeza, lini yote mawili yanatoweka.

Na kama kwenye kabati la ofisi yenu kuna diski za inchi tano na robo zilizoandikwa kwa kalamu ya wino jina la idara na mwaka, naomba zisitupwe. Kifaa cha kuzisoma kinapatikana kwa wakusanyaji, na faili la dbf la dBASE III la mwaka 1987, likishatoka salama kwenye diski, LibreOffice hulifungua moja kwa moja, na ndani yake hata wale waliowekewa nyota bado wanaweza kusomeka.