Manda za samosa: wembamba unatokana na kupanga

Katika soko la Mutindwa, Umoja, samosa za jioni ni za aina mbili. Kuna zenye ganda nene lililojaa malengelenge na kubaki bichi karibu na nyama au ndengu, na kuna zenye ganda jembamba, kavu, linalovunjika ukiuma. Wengi husema siri ni moto wa mafuta. Mimi nashikilia kwamba mambo huwa yamekwisha kuamuliwa kabla karai halijabandikwa, pale manda, yaani maganda yenyewe, zinapotengenezwa, na kwamba yeyote anayejua kusukuma chapati anaweza kuzitengeneza vizuri nyumbani.

Unga uwe wa ngano wa kawaida, si ule wa kujiumua, kwa sababu manda haitakiwi kufura. Ukande kwa chumvi na maji machache uwe mgumu kuliko wa chapati, kisha uufunike nusu saa ili gluteni ilegee. Bila hivyo kila ukisukuma, unga unarudi. Gawa madonge manne, kila moja ulisukume lifikie ukubwa wa kisahani. Paka mafuta juu ya la kwanza, nyunyizia unga mkavu, weka la pili, endelea hivyo, ila la juu kabisa lisipakwe kitu. Halafu sukuma yote manne kwa pamoja. Hapa ndipo penye ufundi wote. Donge moja likisukumwa peke yake mpaka nusu milimita litachanika au litang'ang'ania kibao. Lakini manne yakifika milimita 2 kwa jumla, unene ambao mkono wa chapati unaufikia bila taabu, kila moja limebaki na nusu milimita.

Kikaango kiwe kikavu, moto wa wastani. Maji yaliyomo kwenye unga hugeuka mvuke, na kwa kuwa mafuta yamezuia tabaka moja lisishikane na jingine, mvuke huo hupenya katikati na kuyatenganisha. Utaona uvimbe ukitembea chini ya uso wa manda. Geuza, shika ukingo, bandua tabaka la juu lingali moto, geuza tena, bandua linalofuata. Madoa ya kahawia yakianza umechelewa, maana manda hiyo itakatika ikikunjwa. Wachina huandaa vivyo hivyo vichapati vya kulia bata wa Beijing, viwili viwili. Lakini manda za jiaozi, vifuko vyao vya unga vyenye kujazwa nyama au mboga, husukumwa moja moja na kufungwa zikiwa mbichi, na ni sawa, kwani zinachemshwa na ganda linaiva ndani ya maji. Samosa inaingia kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180. Maji ya unga mbichi huchemka humo kwa ghafla, na hayo ndiyo malengelenge. Manda iliyopitishwa kikaangoni imeshapungukiwa maji na wanga wake umeanza kuiva.

Muuzaji atasema hana muda wala gesi ya kupika kitu kimoja mara mbili. Pingamizi hilo ni zito kwa anayekaanga samosa mia kwa siku na mtungi wa kilo 6. Hata hivyo, kikaango kimoja hutoa manda nne kwa zamu, na kazi hiyo inaweza kufanywa asubuhi, manda zikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu hadi jioni. Za dukani zilizogandishwa hazina ubaya, ila zinataka friza, na zikiachwa wazi kidogo tu kingo hukauka na kupasuka. Je, kwa nini basi tusipange madonge kumi? Kwa sababu madonge ya katikati huchelewa kupata moto, na yanaposukumwa huteleza, yasitanuke sawasawa. Manne yanatosha, aliyezoea ajaribu sita. Kisha kila manda ikatwe robo nne, ikunjwe pembe, na mshono upakwe uji mzito wa unga mpaka kwenye ncha kabisa, kwa maana tundu dogo likibaki hapo ndipo mafuta yanapoingilia.