Singa na Kipara

Washairi wa Kiswahili wakimsifu mwanamke, nywele hutajwa mapema, na mara nyingi huwa ndefu, laini, za singa. Nywele za kipilipili, zilizo za wanawake wengi wa Unyaturu na Unyiramba, hazijapata sifa ya kadiri hiyo. Kasoro hii si ndogo. Binti wa Singida huyasoma mashairi hayo shuleni, na katika shule nyingi kichwa chake kimekatwa nywele kwa amri. Akihitimu huzitafuta singa kwa dawa kali ya kulainisha, au urefu kwa misuko ya kubana. Nywele za panjani hunyonyoka kwanza. Akiwahi kuzilegeza huota tena. Akichelewa mashina hufa, wala mafuta ya alizeti, yaliyo tele mkoani humo, hayayafufui. Hapo lugha humpa neno kipara, neno la utani wa wanaume, naye huchagua mtandio, wigi au wembe pasipo ubeti wa kumsindikiza. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alimtukuza kwa sauti na tabia mwanamke aliyechekwa kwa sura yake. Watunzi wa mashairi ya mapenzi hawajaufuata mfano huo vya kutosha.